Mbwa Mukali wa Kolwezi

Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilometa 300 hivi. Nilipanda basi asubuhi mapema. Tulipita Likasi, tukakula vumbi ya makamyo yanayobeba shaba na kobalti, na jua lilikuwa linashuka wakati nilipofika kwa yaya yangu. Nilikuja kumusalimia kwa siku tatu. Nilikaa karibu wiki mbili, na sababu yake ilikuwa mbwa.

Yaya anakaa katika kampi moja ya zamani ya kampani. Anayeijua Kolwezi anazijua nyumba zile: matofali, mistari iliyonyooka, miti ya maembe katika malupango. Muji wenyewe ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na mpaka leo mutu akichimba shimo ya choo anaangalia kwanza ni majiwe ya namna gani anatoa.

Kwenye mulango wa lupango nilisoma kibao: «Chien méchant». Kiisha nikaona mbwa mwenyewe. Alifungwa chini ya mwembe kwa waya ya umeme, urefu wa hatua mbili tu. Makucha yake yalikuwa yamelima udongo muviringo. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu. Masikio yalijaa kupe. Sahani yake ilikuwa imepinduka, kavu kabisa.

«Yaya, ile mbwa inakula nini?»

Akacheka. «Mudogo wangu, miye mwenyewe nakula mara moja kwa siku. Mbwa itakula nini? Na kama inashiba, italala. Miye nataka ikuwe mukali.»

Nilinyamaza. Yeye ni mukubwa wangu, na nilikuwa mugeni.

Mbwa sawa kufuli

Haikuwa hivyo siku zote. Wakati wa baba yetu kampani ilikuwa inagawanya posho ya unga, na makoko ya bukari hayakukosa. Mbwa alikula kiisha watoto. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400 000 kwa mwaka. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ukabomoka, na mwaka 1994 shaba yote haikufika tani 50 000. Mishahara ikachelewa, kiisha ikakosa. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakaondoka kazini kwa ile tuliyoita «départ volontaire». Posho ikaisha. Wezi hawakuisha. Basi watu wakapandisha kuta, na asiyekuwa na pesa ya ukuta akatafuta mbwa.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulimuchukua mbwa sawa kufuli: unainunua mara moja, unaifunga, unaisahau. Lakini kufuli haisikii kiu.

Siku ya pili nilitembea kampi nzima. Nyuma ya soko mbwa walikuwa wanapigania mifupa ya samaki juu ya lundo ya takataka, na watoto wakiwatupia majiwe kwa muchezo. Niliuliza mama mumoja: «Hizi mbwa ni za nani?»

«Hazina mwenyewe, baba.» Akafikiri kidogo. «Lakini usiku zikimubwekea mwizi, kila mutu anasema: mbwa yetu.»

Siku ya tatu

Siku niliyotaka kurudi, waya ilikatika. Mutoto wa jirani, wa miaka sita, alikuwa anaingia kuomba maji. Tulisikia kilio kimoja tu. Tulipotoka, mbwa alikuwa amemushika kwenye muguu, chini ya goti.

Mutu mumoja alikimbia kuleta mafuta na pilipili ya kupakaa. Nilikatala. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, mutoto akilia na mama yake akilia naye. Kiisha tukaenda hospitali.

Munganga aliuliza neno moja: «Mbwa alichanjwa?»

Yaya aliangalia chini.

Munganga alitueleza polepole. Kichaa cha mbwa, ule ugonjwa wanaoita rage, unapita katika mate ya nyama mugonjwa. Dalili zikisha kuonekana kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikitolewa mbele ya dalili, inaokoa. Louis Pasteur alimuchanja mutoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885, na mutoto akaishi. Hata hivyo, Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba watu karibu 59 000 wanakufa kila mwaka, na karibu wote waliumwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaokufa, wanne hivi ni watoto wasiofika miaka 15.

Mutoto alianza sindano siku ileile. Pesa ilitoka kwa yaya: aliuza baiskeli yake.

Nyumbani vijana walikuwa wanangoja na fimbo wamuue mbwa. Lakini munganga alikuwa ametuambia: musimuue. Mumufunge vizuri, mumuangalie siku 10. Akibaki muzima, hakuwa na ugonjwa katika mate siku aliyouma.

Siku kumi

Basi, kwa woga, tukaanza kumutunza. Tulimufunga kwa kamba ndefu na nguvu. Asubuhi na jioni tulimusukumia maji kwa fimbo, na bukari yenye muchuzi kidogo, tukisimama mbali kuangalia: anakunywa? anameza? Yaya, ambaye alisema hakuna chakula cha mbwa, alikipata. Yalikuwa makombo tu, yale mama wa nyumba alikuwa anatupa.

Siku ya tano mbwa aliacha kutuonyesha meno. Siku ya saba alipiga mukia yaya alipokuja na sahani. Na usiku ule kulitokea mutu kwenye ukuta: alibweka mpaka kampi yote ikaamuka. Alikuwa ameshiba, na hakulala.

Siku ya kumi alikuwa muzima. Yaya alikwenda kwa jirani kuomba musamaha. Mama ya mutoto alimujibu: «Ile mbwa ilikuwa inalia kila usiku. Sisi wote tulisikia, tukanyamaza.» Na miye pia nilijihesabu, kwa kuwa niliona siku ya kwanza.

Ndugu wasomaji, tunaofuga mbwa tukumbuke haya:
– Maji kila siku, na makombo ya mezani.
– Kamba ndefu, kivuli, na kumufungua usiku ndani ya lupango.
– Chanjo ya rage kwa daktari wa nyama, na kuirudilia kwa tarehe atakayoandika.
– Mutu akiumwa: sabuni na maji dakika 15, kiisha hospitali siku ileile.

Kabla ya kurudi nilikwenda na yaya kwa daktari wa nyama. Mbwa alitembea kati yetu kwa kamba. Kwenye karatasi ya chanjo daktari aliuliza jina la mbwa. Yaya alibaki kimya. Kwa miaka mine hakumupa jina.