Na Angekuwa Mwizi Kweli?



Desemba 2015, hapa Muganza wilayani Rusizi, Oscar Pistorius alizungumzwa barazani baada ya Maghrib kana kwamba ni jirani yetu. Si ajabu. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA wakati ule kilikuwa na wenye hisa wa Afrika Kusini, basi habari za huko zilikuwa karibu na masikio yetu, na redio za Kiswahili ziliifuata kesi ile tangu mwanzo. Tena vijana wa madrasa walimpenda. Mtu aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti kabla hajatimiza mwaka, akaenda London 2012 kukimbia mita 400 pamoja na wenye miguu, akafika nusu fainali! Sisi wenyewe tulimtolea mfano darasani katika somo la subira. (Tangu hapo tumepunguza kutoa mifano ya watu walio hai.)

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, nyumbani kwake Pretoria, alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa. Ndani alikuwemo mpenzi wake, Reeva Steenkamp, akafa. Mwenyewe akasema alidhani ni mwizi. Mwaka 2014 Jaji Thokozile Masipa alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akampa miaka mitano. Akina mama wa chama cha ANC walikuwa wakisimama nje ya mahakama kudai haki ya Reeva, na jaji yule, naye mama, alitukanwa sana. Kisha tarehe 3 Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa ikasema: huyu ameua kwa kukusudia.

Baraza likagawanyika. Wazee walisema tajiri amebanwa hatimaye. Vijana walisema ameonewa. Lakini wote walikuwa wakibishania jambo moja tu, alijua ni Reeva au hakujua. Kama alijua, afungwe. Kama alidhani ni mwizi, basi ni bahati mbaya. Nasi tulitikisa kichwa pamoja nao.

Kesho yake mwanafunzi mmoja, hajafika miaka kumi na mitatu, akauliza: "Ustadhi, na angekuwa mwizi kweli, je?"

Tulimwambia tufungue kwanza kitabu, na ukweli ni kwamba tulikuwa tunatafuta muda. Maana jibu tulikuwa nalo. Wanachuoni wa fiqhi wamegawa kuua mafungu matatu: kwa kukusudia, kwa kufanana na kukusudia, na kwa makosa. Na katika kumzuia anayekushambulia au kukuibia wameweka daraja: akizuilika kwa ukelele, usimpige, akizuilika kwa mkono, usishike fimbo, akizuilika kwa fimbo, usitumie silaha. Jaji Eric Leach, aliyeandika hukumu ya rufaa, alipita njia nyingine akafika karibu na hapo hapo. Alisema aliyekuwa nyuma ya mlango awe nani, haibadilishi kitu. Mtega bomu sokoni naye hawajui majina ya atakaowaua. Anayepiga risasi nne kwenye chumba kidogo namna ile anajua kwamba aliyemo anaweza kufa, naye akapiga.

Haya tuliyasomesha vizuri, lakini sauti haikutulia.

Kwa sababu miaka kadhaa kabla, ilipigwa kelele ya mwizi usiku huku upande wa mashamba ya mpunga. Tulitoka na tochi. Alikuwa kijana mwembamba na gunia moja. Fimbo hatukuwa nayo, na hilo tulilishikilia kwa muda mrefu kama udhuru. Alfajiri walimbeba kwenye machela, sisi tukaenda kuswali, kisha tukafundisha tajwidi. Hatukuuliza kama alipona.

Pistorius alipewa miaka sita mwaka 2016. Mwaka 2017 ikapandishwa kuwa kumi na tatu na miezi mitano. Tarehe 5 Januari 2024 aliachiliwa kwa masharti, na baraza likaanza upya: imetosha, haijatosha. Usiku ule tuliwafuata kando wawili waliokuwepo wakati wa yule kijana wa gunia, tukawauliza jina lake. Mmoja alisema yeye hakutoka siku hiyo. Wa pili alifikiri kidogo, akasema jina halijui, lakini anakumbuka kwamba alikuwa amejificha kwenye mtaro, na bila tochi ya ustadhi wasingemwona.