Kutoka Feri hadi Kariakoo, nikisaka chakula kinachoshibisha

Soko la samaki la Feri, Magogoni jijini Dar es Salaam, halisubiri jua. Saa 12 asubuhi mnada umeshachangamka, vijana wenye ndoo vichwani wanapiga kelele wapishwe njia, na maji ya barafu yanatiririka chini hadi viatu vinaloa kabla hujaamua unataka samaki gani. Changu na kolekole wamepangwa kwa mafungu. Vibua wanamwagwa kwa ndoo. Pembeni, karai za wakaanga samaki zimeshapata moto na moshi wake unakufuata mpaka barabarani.

Nilikwenda pale na swali la nyumbani kwetu. Dada yangu ana miaka 36, ni mama wa watoto watatu na anauza vitambaa. Miezi miwili iliyopita alipimwa akaambiwa sukari imeanza kupanda. Bado si kisukari, ila apunguze uzito. Akarudi, akaingia kwenye simu, akatoka na orodha: oti za pakiti, mbegu za chia, lozi, brokoli, samaki aina ya salmon. Wiki ya kwanza alinunua. Ya pili akanunua nusu. Ya tatu ada za watoto zikaingia, na jioni nikamkuta na sahani ya chipsi. Nilipomuuliza akanijibu, “Mdogo wangu, kupungua ni kwa wenye hela.”

Sikutaka kumjibu kwa maneno. Nilitaka kujua kama katika njia anayopita kila siku kwenda kazini kuna chakula kinachoshibisha mapema, kikae tumboni, na kisimzidi mfuko.

Kushiba, msomaji, kumepimwa. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye nishati ile ile, kilokalori 240. Kwa saa mbili wakawa wanawauliza wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ukapewa alama 100 ili uwe kipimo cha vingine. Keki ilipata 65. Nyama ya ng’ombe 176. Samaki akapata 225, maana yake kwa nishati ile ile anashibisha zaidi ya mara mbili ya mkate. Siri yake kubwa ni protini, ambayo hutuliza njaa kwa muda mrefu kuliko wanga uliokobolewa au mafuta.

Na samaki huyo si lazima awe salmon wa kuletwa kwa ndege. Kibua ana protini ya kutosha na mafuta yale yale mazuri yanayosifiwa kwa salmon. Dagaa pia, tena dagaa unamla mzima na mifupa yake, unapata madini ya chokaa juu yake.

Tatizo ni karai. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120, wakati chungwa zima la wastani lina kama 60. Mafuta yanaingia kwenye samaki kimyakimya, tumbo haliyahisi kama mzigo, lakini mwili unayahesabu yote. Nilimsalimia mama mmoja mkaanga samaki, nikamuuliza kama na yeye hula hawa wa kukaanga.

“Marahaba mwanangu. Hawa nauza,” akasema huku akigeuza. “Nyumbani nachemsha na ndimu, nyanya na bamia. Hawa wa mafuta nimewachoka.”

Kutoka Feri nilitembea kwa miguu kupitia Kivukoni hadi Posta, nikakatiza Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo. Ni mwendo wa chini ya saa moja, na kwa mtu ambaye hajanywa chai ni mtihani. Kila hatua chache kuna kabati la kioo lenye maandazi, sambusa na vitumbua. Chai yake inakuja na vijiko vitatu vya sukari hata hujaulizwa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia tano, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima, ni bora zaidi. Vijiko vitatu vya chai ni karibu nusu ya hizo 25, na hiyo ni kabla ya saa tatu asubuhi.

Hapa niseme ukweli, dada hakukosea kununua oti. Katika orodha ya Sydney uji wake ulipata alama 209. Ila kinachofanya kazi pale ni nafaka isiyokobolewa na maji mengi, na hivyo viwili vimo pia kwenye uji wa ulezi au wa dona, mradi sukari iwe ya kuonjesha tu.

Suala la maji limefanyiwa kazi na Barbara Rolls wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1999 yeye na wenzake waliwapa wanawake chakula kile kile kabla ya mlo wa mchana kwa njia mbili: kikiwa kikavu na glasi ya maji pembeni, au kikiwa kimechanganywa na maji yale yale kuwa supu. Waliokunywa supu walikula kidogo zaidi mlo ulipofika. Maji yaliyo ndani ya chakula yanakijaza chakula chenyewe, ya pembeni yanapita. Nikawaza mtori, nikawaza supu ya samaki, nikawaza wale wanaoanza siku na supu Posta, ambao wangefanya vizuri sana kama chapati zisingekuwa mbili.

Kwa matunda ni vivyo hivyo. Chungwa zima lilipata alama 202 kule Sydney. Kwenye meza za juisi karibu na Mnazi Mmoja, glasi moja inakamua machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi zinatupwa, unamaliza kwa dakika moja na hamu ya kula iko pale pale. Muuza machungwa wa kumenya jirani yake ana bidhaa bora na ya bei nafuu. Muuza karanga naye simpuuzi: karanga zina mafuta mengi lakini zina protini na nyuzinyuzi, na ile koni yake ya karatasi ni kipimo kizuri. (Yangu ilikuwa imetengenezwa kwa gazeti la wiki iliyopita, silo letu, nilikagua.)

Kariakoo inajulikana kwa nguo na simu, na watu husahau kwamba ni mahali pa chakula. Soko kuu, lile jengo lililosanifiwa na Beda Amuli miaka ya 1970, liliungua Julai 2021, lakini biashara ya nafaka na mboga haikuwahi kuondoka mitaani. Nilisimama mbele ya magunia yaliyofunguliwa midomo: maharage ya njano na mekundu, choroko, kunde, mbaazi, njugumawe, dengu. Gramu 100 za maharage makavu zina protini takriban gramu 22, pamoja na nyuzinyuzi ambazo mkate mweupe hauzikaribii. Mfuko mdogo wa chia aliokuwa amenunua dada ungeweza kumnunulia maharage na choroko za familia nzima kwa siku kadhaa. Mbaazi za nazi ni tamu, na hakuna haja ya kuziacha. Tumia tui la pili, lile la kwanza zito liweke kwa ajili ya siku ya wageni.

Kisha viazi. Katika vyakula vyote 38 vya Sydney, kilichoshika namba moja kwa kushibisha ni kiazi mviringo cha kuchemsha: alama 323. Kiazi kile kile kikikatwa na kukaangwa kuwa chipsi, kikapata 116. Nilisoma namba hizo mara mbili. Tumezoea kusema viazi vinanenepesha, kumbe kosa tunalitia wenyewe kwenye mafuta. Ugali, makande na magimbi havikuwemo kwenye jaribio lile, lakini kanuni ni ile ile, kisichokobolewa na kisichokaangwa kinakaa tumboni zaidi.

Saa saba nilikaa kwa mama ntilie, nyuma ya maduka ya Mtaa wa Kongo. Ubao ulikuwa na wali, ugali, maharage, mchicha, samaki wa mchuzi.

“Nipunguzie wali nusu, dada. Niongezee maharage na mchicha.”

“Bei ile ile lakini.”

“Ile ile.”

Akaniangalia. “Wote hapa wanataka wali ujae mpaka ubanduke. Wewe unaumwa?”

Wanaume wawili wa benchi la jirani wakacheka, na mimi nikacheka, lakini swali lile ndilo zito kuliko yote niliyokutana nayo siku ile. Kwetu mtu akipungua anaulizwa kama anaumwa, akinenepa anapongezwa kwamba maisha yamemkubali. Dada aliniambia wifi zake walishaanza kunong’ona kwamba ndoa ina matatizo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Wengi wao wanapika chungu kimoja kwa watu sita. Orodha ya chia inamtaka mama apike mara mbili, chake na cha familia, na hapo ndipo mipango mingi inapofia. Maharage, mchicha na kibua wa kuchemsha vinaingia kwenye chungu kile kile bila mtu kujua kuna anayepungua. Ni mpangilio wa sahani tu unaobadilika: mboga na maharage kwanza, wali baadaye. Watoto wasipunguziwe. Na anayetumia dawa za kisukari azungumze na daktari wake kabla ya kupunguza wanga, maana dawa ile ile kwa chakula kidogo inaweza kushusha sukari mno.

Sahani yangu nilishindwa kuimaliza.

Kutoka pale nilipita maduka ya jumla ya biskuti, tambi za kuloweka, krispi na soda. Hivi ndivyo vilivyonitisha kuliko karai za Feri. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 kituoni kwa wiki nne. Wiki mbili walikula vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula visivyosindikwa, wakiruhusiwa kula watakavyo. Kwa vile vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Kwa vile vingine walipungua kiasi hicho hicho. Hakuna aliyeambiwa ajinyime. Walikula pia kwa kasi zaidi vile vya viwandani, kabla mwili haujapata muda wa kusema basi.

Jioni majiko ya chipsi yalipoanza kuwashwa nilimpigia dada simu nikamsomea nilivyonunua: vibua, choroko, dona, mchicha mafungu mawili, viazi kilo mbili.

“Viazi?” akashtuka.

“Vya kuchemsha, dada.”

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimebakiwa na hela ya nyanya. Wakati naongea naye kijana wa mayai ya kuchemsha alisimama mbele yangu na trei yake, kachumbari kwenye kopo, pilipili kwenye chupa. “Moja au mawili, dada?” Nikamwonyesha vidole viwili, na kachumbari aongeze.