Beki Asiye na Mkanda wa Kumbukumbu

Mshambuliaji akifariki dunia, televisheni hazihangaiki. Zinatoa mabao yake, zinayarusha usiku kucha, na hata mtoto aliyezaliwa jana anaelewa tumempoteza nani. Akifariki beki mkoba, mtangazaji anababaika. Arushe nini? Kazi ya mtu huyu ilikuwa kuhakikisha kwamba jambo halitokei. Pasi iliyokatwa kabla haijawa hatari haina picha ya kukumbukwa, na mshambuliaji aliyekosa nafasi ya kupiga shuti hajui hata aliyemnyima. Nimemfikiria sana Costică Ștefănescu, beki mkoba wa Romania, kwa sababu hiyo. Nadhani tumempoteza mara nyingi zaidi ya ile moja inayohesabiwa na wenye kuandika vyeti vya vifo.

Alizaliwa Bucharest tarehe 26 Machi 1951, akaanza kucheza soka ya juu Steaua, klabu ya jeshi, na mwaka 1973 akahamia Craiova, mji wa mkoa wa Oltenia kusini magharibi mwa Romania. Kwa mchezaji wa wakati ule, kutoka timu kubwa ya mji mkuu na kwenda mkoani kulionekana kama kushuka ngazi. Msimu wake wa kwanza tu Universitatea Craiova ikatwaa ubingwa, wa kwanza katika historia yake. Akabaki huko miaka 13, akaongeza ubingwa wa 1980 na 1981 pamoja na Kombe la Romania mara nne. Katika ligi kuu alicheza mechi 490, rekodi iliyodumu miaka mingi hadi Ionel Dănciulescu alipoipita. Timu ya taifa aliitumikia mara 66.

Vijana wa leo hawajawahi kumwona beki mkoba akifanya kazi, kwa hiyo acha niieleze. Wenzake kila mmoja anamkaba mtu wake, yeye hana wa kumkaba. Anasimama hatua chache nyuma yao, mwili ameugeuza upande, jicho moja kwenye mpira na jingine kwenye nafasi tupu ambayo bado hakuna aliyeiona. Anasema muda wote: sogea, mwache, rudi, kushoto. Beki wa pembeni akipitwa, yeye ndiye anayefika. Sentahafu akiteleza, yeye ndiye anayefika. Na akishaupata mpira haubutui hovyo. Anainua kichwa, anatembea nao hadi katikati ya uwanja, na shambulio linaanzia miguuni pake. Ni kazi ya mtu mwenye subira, anayekubali kulipa madeni ambayo hakukopa. Ștefănescu aliifanya hivyo hadi alipovuka umri wa miaka 30, na bado alikuwa mhimili wa klabu na taifa.

Nafasi hiyo nayo imekufa. Mabeki walipoanza kukaba eneo badala ya mtu, na mitego ya kuotea ikawa sehemu ya kawaida ya mazoezi, mtu anayesimama nyuma ya wenzake akageuka kuwa mzigo, maana anamruhusu mshambuliaji wa adui akae karibu na goli bila kuotea. Makocha walimwondoa mmoja baada ya mwingine. Siwalaumu, mpira lazima ubadilike. Hata hivyo naona uchungu kwamba ustadi mzima unaweza kutoweka duniani wakati mabingwa wake wangali hai wakitazama.

Kikosi cha Craiova cha miaka ile kinatajwa Romania kwa pumzi moja: Lung golini, Negrilă, Tilihoi, Ștefănescu, Ungureanu, Țicleanu, Donose, Balaci, Crișan, Cămătaru, Cârțu. Mwaka 1982 walifika robo fainali ya Kombe la Ulaya wakatolewa na Bayern Munich. Msimu uliofuata, katika Kombe la UEFA, waliitoa Fiorentina, wakaitoa Shamrock Rovers, wakaitoa Bordeaux. Halafu ikaja Kaiserslautern. Walifungwa 3-2 Ujerumani, na mechi ya marudiano ilikwenda 0-0 hadi dakika za mwisho, mpaka beki wa pembeni, Nicolae Negrilă, alipofunga. Jumla ikawa 3-3, Craiova ikasonga mbele kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu ya Romania iliyokuwa imefika nusu fainali ya mashindano hayo makubwa ya Ulaya kabla yao.

Aprili 1983 ndiyo inayoniumiza. Tarehe 16, Ștefănescu akiwa katika ngome ya taifa, Romania iliifunga Italia 1-0 mjini Bucharest kwa bao la Bölöni. Italia hiyo ilikuwa bingwa wa dunia. Siku nne baadaye alikuwa Craiova kuikabili Benfica katika nusu fainali. Mechi ya kwanza Lisbon ilikuwa imeisha 0-0, matokeo ambayo beki yeyote angelala nayo usingizi mzuri. Balaci akafunga mapema, na mji mzima ukaiona fainali. Kipindi cha pili Zoran Filipović akasawazisha. Ikaisha 1-1. Craiova haikufungwa na Benfica, si Lisbon wala nyumbani, ikatolewa kwa kanuni ileile ya mabao ya ugenini iliyokuwa imeibeba mwezi mmoja nyuma. Mwaka 2021 UEFA iliifuta kanuni hiyo. Ingekuwa leo, wangeongezewa dakika 30, na pengine penalti. Walionyimwa dakika hizo hawatazipata tena.

Mwaka 1984 Ștefănescu aliiongoza Romania kama nahodha kwenye fainali za Ulaya nchini Ufaransa. Walitoka sare na Hispania, wakafungwa na Ujerumani Magharibi na Ureno, wakarudi nyumbani. Mwaka 1986 aliondoka Craiova kwenda Brașov. Mwaka huohuo Steaua, klabu aliyoiacha akiwa kijana, ilitwaa Kombe la Ulaya mbele ya Barcelona, na beki mkoba wa timu ile, Belodedici, akawa ndiye Ulaya inayemkumbuka. Sioni kosa la mtu hapo. Ila huwa najiuliza historia ya kandanda ya Romania ingeanzia wapi kama Craiova wangepata bao moja zaidi usiku ule.

Baadaye akawa kocha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya mbali na kwao, katika nchi za Kiarabu. Ndiyo njia waliyoipita wengi wa Craiova. Balaci alifundisha miaka mingi Ghuba. Ion Oblemenco, mfungaji mkuu wa ubingwa wa 1974, alifia kazini Kenitra, Morocco, mwaka 1996, na uwanja wa Craiova sasa unaitwa kwa jina lake. Ukocha wa aina hiyo ni maisha ya masanduku: mkataba wa msimu mmoja, mkalimani pembeni, matokeo mabaya mawili, na ndege ya kurudi.

Ștefănescu alifariki Bucharest tarehe 20 Agosti 2013, akiwa na umri wa miaka 62. Alikuwa hospitalini akitibiwa saratani, na aliyakatisha mwenyewe maisha yake. Sitaki kupita haraka hapa, wala sitaki kudai najua kilichokuwa moyoni mwake; maumivu ya saratani ni makali na kila mgonjwa anayabeba kwa namna yake. Ninachokijua ni kwamba mabeki wa kizazi chake walifunzwa kutolia, kutoomba msaada, kuziba nafasi na kunyamaza. Sifa hizo zinashinda mechi. Kitandani, mbele ya ugonjwa, zinaweza kumwacha mtu peke yake kabisa.

Klabu yake ilikuwa nayo imevunjika. Mwaka 2011 shirikisho la soka la Romania liliifuta Universitatea Craiova uanachama baada ya ugomvi na mmiliki wake, na baadaye klabu mbili zikagombania jina, rangi na vikombe vyake. Ubingwa wa mara tatu alioutolea jasho Ștefănescu ukawa kesi ya wanasheria.

Kama mtaani kwenu yuko beki wa zamani, yule ambaye wazee wakimtaja wanatikisa kichwa lakini hakuna mkanda wake hata mmoja, mfuateni wiki hii. Mwulizeni alivyocheza, muandike anayoyasema. Kisha mwulizeni anaendeleaje kiafya, na msikubali haraka akiwajibu kwamba hajambo.