Baraza ya Televisheni na Siri za Watu



Kwa muda wa miaka 18 tulikuwa watumishi wa ustawi wa jamii katika mji mmoja wa jimbo la Massachusetts, Marekani, na kwa miaka 10 katika hiyo tuliongoza mazungumzo katika televisheni ya wenyeji wa mji ule. Leo twapenda kuwasimulia kosa tulilolifanya huko, huenda likawafaa.

Kwanza yapasa ijulikane televisheni hiyo ni ya namna gani. Kampuni zinazopeleka televisheni majumbani kwa waya hupitisha waya zao katika njia za umma. Kwa hiyo sheria ya Marekani ya mwaka 1984 iliipa miji ruhusa ya kuzidai kampuni hizo chaneli kwa ajili ya wenyeji, pamoja na ada isiyozidi sehemu 5 katika 100 ya mapato ya kazi hiyo. Miji mingi hutumia fedha hizo kuweka studio ndogo. Mwenyeji ye yote aweza kufundishwa kushika kamera na kutengeneza kipindi chake mwenyewe. Humo si tajiri asemaye, bali ni jirani.

Basi sisi tuliifanya studio hiyo kuwa baraza. Tulialika wanasheria waeleze haki za mpangaji, na wauguzi waeleze maradhi ya sukari. Vipindi vingine tulivifanya kwa Kiswahili, kwani walikuwako wakimbizi wa Kongo na Burundi waliokifahamu kuliko Kiingereza.

Usiku mmoja wa baridi, mwaka 2011, tulizungumza habari za kodi ya nyumba. Ili maneno yetu yaingie mioyoni, tulitoa mfano wa mama mmoja mjane, mwenye watoto watano, akaaye ghorofa ya tatu, aliyefiwa na mumewe katika mwezi wa Ramadhani. Jina lake hatukulitaja, nasi tukadhani tumemsitiri.

Jumapili iliyofuata watoto wake waliulizwa chuoni kama ni kweli wanafukuzwa nyumba. Mama yule akaja ofisini kwetu, akakataa kiti, akasema: "Ndugu yangu, jina langu hukulitaja. Lakini je, ulibakisha nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba radhi, naye akatusamehe. Lakini hakurudi tena kuomba msaada wetu, na hadi leo hatujui mambo yake yaliishaje. Hilo ndilo linalotuuma.

Wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mtumishi wa jamii ni mwosha wa walio hai, na kusema kwa nia njema hakuondoi amana. Tangu siku ile hatukutoa tena mfano wa mtu tuliyemhudumia. Aliyetaka kusema habari zake alikuja kuzisema mwenyewe, akatazama kipindi kabla hakijatolewa, na akitaka kifutwe, kilifutwa bila ya kuulizwa sababu.

Enyi vijana, siku hizi kila mmoja wenu ana studio mfukoni mwake. Kabla hamjatangaza habari ya jirani, hata kwa kumwonea huruma, jiulizeni swali la mama yule: mmebakisha nini?

Mwenyezi Mungu atusitiri sote.