Masikio ya Tangawizi

Paka wangu anaitwa Tangawizi kwa sababu ya rangi yake, na kwa sababu hapa Myamba zao hilo ndilo linalosomesha watoto. Ni dume, kama walivyo paka wengi wa rangi hiyo. Kitanda chake ni amplifaya yangu. Ukungu ukishashuka mlimani, hakuna mahali pengine ndani ya nyumba penye joto kama pale juu, na ukimwondoa anarudi kabla wimbo haujaisha.

Vyombo vyangu ni vya kawaida tu: pleya ya santuri, amplifaya na spika mbili. Jirani yangu, mzee wa Kipare hasa, alipoviona aliuliza, "Mwanangu, spika mbili za nini? Wimbo si mmoja?" Tulicheka. Wapare tunasingiziwa ubahili, na wakati mwingine tunaupa uvumi chakula. Lakini mzee hakukosea. Nyimbo nyingi za bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa kwa mono: kinachotoka kushoto ndicho kinachotoka kulia. Santuri za Mbaraka Mwinshehe alizoniachia baba ni za namna hiyo, na mikwaruzo yake naijua moja moja.

Mwaka jana nilipimwa masikio. Daktari alinionyesha mstari unaokwenda sawa, halafu unaporomoka upande wa kulia kama barabara ya kuteremka kwenda Same. Sauti nyembamba zinaniaga, ndivyo alivyosema, kwa upole. Kijana husikia mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde. Paka hufika kama 64,000. Ndiyo maana Tangawizi hugeuza sikio moja kwenye chaja ya simu iliyo kimya kabisa kwangu. Siku hizi namwamini.

Kukosa mlio wa matoazi hakunisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba sauti kama s na f nazo zinakaa huko juu. Mke wangu akisema "saa", nasikia "faa". Mjukuu akinong'ona jambo lake, nacheka tu na kuomba Mungu lisiwe swali.

Nilikuwa nadunduliza hela ya spika mpya, zile ambazo karatasi yake inaahidi kupita 20,000. Za nani sasa? Ningekuwa namnunulia paka. Sauti ya mwimbaji na nyuzi za gitaa kwa sehemu kubwa ziko katikati, mahali ambapo mstari wangu bado haujaanza kuteremka. Huko Mbaraka bado namsikia vizuri, hata anapovuta pumzi kabla ya ubeti.

Basi hela ile imenunua sindano mpya ya pleya, na iliyobaki imekwenda kwenye ada. Jirani amefurahi sana. Anasema sasa imebaki kuuza spika moja.