Dola ishirini

Nilipokuwa nikiandika kazi yangu ya mwisho wa masomo, nilisaidiwa na ChatGPT. Toleo la bure lina kipimo chake: ukiuliza sana, huenda ukalazimika kungoja. Toleo la Plus ni dola 20 kwa mwezi. Nilikuwa nazo mfukoni. Mama alinikabidhi nizipeleke shuleni, minervali ya mdogo wangu.

Usiku ule nilijiuliza: ninanunua nini hasa? Si elimu, maana vitabu vilikuwa mezani. Nilitaka kununua kutongoja. Asubuhi nilizipeleka shuleni.

Anayepata riziki kwa chombo hicho, na alipe bila haya. Mimi, kipimo kinapokwisha, hufungua daftari na kufikiri. Na maswali yangu ya kesho yake huwa machache, tena bora.