Abiria wa 301 ni nani?

Leo siandiki kuhusu PHP wala hifadhidata. Nataka tumzungumzie shahidi ambaye huku kwetu hatujamzoea mahakamani: mwanasaikolojia, au yule mtaalamu wa namna binadamu anavyotumia mashine. Daktari tumemzoea, na mtaalamu wa mwandiko, na wa alama za vidole. Huyu je?

Sheria haimkatazi. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya (Sura ya 80) kinairuhusu mahakama kusikiliza maoni ya mtu mwenye ujuzi maalum wa sayansi au sanaa fulani. Maoni hayo hayamfungi hakimu, anaweza kuyakataa. Mlango basi upo.

Atasema nini cha maana? Chukua ajali ya matatu pale Changamwe. Wakili anamuuliza shahidi, "Matatu ilikuwa mbio kiasi gani ilipolibamiza lile gari?" Swali la kawaida kabisa. Lakini mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za ajali, kisha wakawauliza mwendo wa magari kwa maneno tofauti. Walioulizwa magari "yalipobamizana" walikadiria maili 40.8 kwa saa kwa wastani. Walioulizwa "yalipogusana" walisema 31.8. Filamu zilezile! Katika jaribio lao la pili, baada ya wiki moja, waliosikia neno kali walikuwa wepesi zaidi kukumbuka vioo vilivyovunjika, na vioo havikuwepo. Loftus amekuja kutoa ushahidi wa aina hii katika mamia ya kesi. Hasemi shahidi ni mwongo. Anasema kumbukumbu si kama faili unayoifungua na kuikuta ulivyoihifadhi. Na Kiswahili chetu kilivyo na kugonga, kugusa, kubamiza, kuparamia... wakili mjanja hakosi silaha.

Huo ni upande wa kumbukumbu. Upande wa pili ni mashine, na hapo inabidi tuvuke Likoni.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa mita 40 hivi tu kutoka ufukweni. Watu 272 walikufa. Uwezo wake ulikuwa abiria 300, nayo ilibeba kama 400. Ukiuliza vijiweni utajibiwa haraka: watu wetu hawana subira, walijazana wenyewe. Sasa mimi nauliza, abiria wa 301 ni nani? Yeye mwenyewe hajui. Aliye nyuma ya umati haoni vichwa vyote, na wa mbele anasukumwa na walio nyuma. Anayeweza kuhesabu ni mwenye lango. Ukitengeneza tovuti ya kuuza tiketi 300 humwandikii mteja "tafadhali usinunue kama wewe ni wa 301". Unaweka ukaguzi kwenye seva. Sisi waandika programu tuna tabia ya kusema "kosa la mtumiaji" halafu tunafunga ripoti, na kwa maoni yangu vyombo vya uchunguzi vina ugonjwa huohuo.

Uingereza walipata somo hili kwa bei mbaya. Tarehe 6 Machi 1987 feri Herald of Free Enterprise iling'oa nanga Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Watu 193 walikufa. Baharia aliyetakiwa kuifunga alikuwa amelala. Kesi imekwisha, siyo? La. Nahodha akiwa juu kwenye usukani hakuweza kuiona milango, na manahodha wa kampuni hiyo walikuwa wameshaomba wawekewe taa ya kuwaonyesha kama imefungwa. Wakubwa ofisini walilifanyia mzaha ombi hilo. Taa tu jamani! Hata hivyo mwaka 1990 kesi ya kuua bila kukusudia dhidi ya kampuni iliporomoka mahakamani, kwa sababu sheria ilitafuta mkubwa mmoja wa kubeba hatia yote, na kosa lilikuwa limetawanyika kwa watu wengi.

Halafu tukapata letu jingine. Jumapili ya tarehe 29 Septemba 2019, jioni, gari lilirudi nyuma kutoka MV Harambee likatumbukia katikati ya kivuko, ndani mkiwa na mama na binti yake mdogo. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba kutoka kina cha mita 58 hivi. Siku zile zote simu zilijaa maswali: mbona hakuvuta breki ya mkono, mbona hakuruka nje? Niliyachukia maswali hayo. Mwaka 1975 Baruch Fischhoff alionyesha kwamba mtu akishajua mwisho wa jambo huona kana kwamba ulikuwa wazi tangu mwanzo. Shahidi mtaalamu angeuliza mengine. Dereva alipoketi aliuona ukingo kwenye kioo, au aliona watu tu? Kati ya tairi la nyuma na maji kulikuwa na kizuizi gani? Gari likianza kuserereka, dereva ana sekunde ngapi kabla ya kutambua kwamba ni lake linalokwenda na si feri inayosogea?

Hilo la mwisho linapimika. Unahitaji gari, kamera na saa.

Simwamini kila anayejiita mtaalamu, tuelewane. Analipwa na upande mmoja, na akitoka mbali anaweza kuja na picha nzuri za kompyuta bila kukanyaga feri. Ningekuwa wakili wa upande wa pili ningeanza na swali moja: vipimo hivi ulichukua feri ikiwa tupu, au saa kumi na mbili jioni?